Ziba Jino Kabla ya Kuvuka: Gharama za Meno na Bima kwa Anayehama kutoka Ngara au Biharamulo

Anayekwenda kufanya kazi Uarabuni hupigwa picha ya kifua, hutolewa damu, na mwanamke hupimwa mimba. Anayekwenda kusoma Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu. Mdomo haufunguliwi na mtu. Ndiyo maana gego lililotoboka huvuka Rusumo, huvuka Kabanga, hupita dirisha la uhamiaji la uwanja wa ndege, na hakuna anayeliuliza kitu. Likianza kuuma, mwenyewe yuko mahali ambapo hajui mlango wa daktari uko wapi, hajui bei, na karatasi ya bima aliyonayo haijawahi kusomwa ukurasa wa pili.

Mwongozo huu ni wako ikiwa unatoka Ngara au Biharamulo kwenda kukaa nchi nyingine kwa miezi sita au zaidi: jirani kama Rwanda, Burundi na Uganda, Ghuba, kwa mkataba wa kazi, au Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kwa masomo au kuwafuata ndugu. Ukitaka kushika jambo moja tu, shika hili: fedha ya meno itumie hapa kabla ya safari, na bima ya huko inunue kwa ajili ya yale usiyoweza kuyatabiri. Wengi hufanya kinyume. Hubeba jino bovu wakitegemea bima ya ugenini italishughulikia, kumbe bima hiyo imeandikwa kwa uangalifu mkubwa ili isilishughulikie.

KWA NINI JINO SI KAMA MALARIA

Malaria huja bila taarifa. Jino huoza kwa miezi, hata miaka, nalo hukupa ishara: maji baridi yanachoma, nyama inanasa palepale kila siku, ulimi unagusa kishimo. Kampuni ya bima inalijua hilo. Inajua pia kwamba mtu anayenunua bima ya meno ghafla mara nyingi ananunua kwa sababu jino linamuuma tayari. Kwa hiyo karibu kila nchi imeyatenga meno: ama yana bima yake peke yake, ama yamo kwenye bima ya afya lakini kwa dharura tu, ama mgonjwa huchangia sehemu kubwa.

Uingereza ni mfano unaowashangaza wengi. Mwanafunzi wa kigeni hulipa ada ya afya ya uhamiaji, pauni 776 kwa mwaka, na mtu mzima mwenye viza ya kazi hulipa 1,035. Baada ya hapo kumwona daktari wa kawaida ni bure. Meno hapana. Kwa bei zilizoanza Aprili 2025 nchini England, uchunguzi ulikuwa pauni 27.40, kuziba au kung'oa 75.30, na kofia ya jino au meno ya bandia 326.70. Na hiyo ndiyo bei ya huduma ya taifa. Daktari wa binafsi hupanga ya kwake. Marekani, bima ya serikali ya wazee, Medicare, haibebi matibabu ya kawaida ya meno hata kwa raia aliyezaliwa huko. Wewe uliyeshuka ndege jana hutapata nafasi nzuri kuliko wao.

Sababu ya pili ni kwamba jino lina ngazi za gharama, na kila ngazi unayochelewa ni pesa. Tundu dogo huzibwa siku moja. Likifika kwenye kiini, linahitaji kutibiwa mzizi, safari mbili au tatu kwa daktari. Jino lililotibiwa mzizi, hasa gego, mara nyingi huhitaji kuvishwa kofia lisipasuke. Likishindikana hung'olewa, ndipo unaingia kwenye habari ya meno ya bandia. Hapa kwetu tofauti kati ya ngazi na ngazi inauma. Ughaibuni inaweza kula mshahara wa mwezi.

MANENO MANNE YA KUTAFUTA KWENYE MKATABA

Kabla ya kwenda kwenye hatua, jifunze kusoma karatasi. Mkataba wa bima unaweza kuwa na kurasa 40. Zinazokuhusu ni mistari michache. Tafuta haya manne, kwa lugha yoyote ulioandikwa, na usipoyaona muulize wakala akuonyeshe kwa kidole.

Muda wa kusubiri. Ni miezi ambayo unalipa ada lakini huruhusiwi kudai. Kwa bima za meno za Marekani, usafishaji na uchunguzi kwa kawaida huanza mara moja, ila kazi kubwa kama kofia ya jino husubiri miezi 6 hadi 12.

Kikomo cha mwaka. Ni kiasi cha juu ambacho bima italipa kwa mwaka. Kinachozidi ni chako. Bima nyingi za meno za Marekani huishia kati ya dola 1,000 na 2,000.

Mchango wako. Kuna kiasi unachotoa wewe kwanza kabla bima haijaanza kulipa, na kuna asilimia unayoendelea kutoa baada ya hapo. Mtu akikwambia "bima yetu inalipia kofia ya jino", swali lako ni moja: inalipia asilimia ngapi?

Hali iliyokuwapo kabla. Hiki ndicho kifungu kinachowaliza watu. Baadhi ya mikataba inakataa jino lililokuwa bovu, au lililokwisha kung'oka, kabla ya siku ya kwanza ya bima. Ukiingia na pengo, pengo hilo ni lako.

Tufanye hesabu moja, kwa namba za mfano tu. Tuseme bima ni dola 35 kwa mwezi, muda wa kusubiri kazi kubwa ni miezi 12, unatoa dola 50 za kwanza, halafu bima inalipa nusu. Kofia ya jino ni dola 1,400. Unalipa ada mwaka mzima: 420. Mwaka ukiisha, bima inatoa nusu ya 1,350, yaani 675. Wewe unatoa 725. Ukijumlisha na ada, zimekutoka dola 1,145. Umeokoa 255, kwa kukaa na jino linalooza miezi kumi na miwili. Sasa linganisha na nauli ya basi kwenda na kurudi Mwanza, malazi ya siku mbili, na bei ya kuziba jino hilo lilipokuwa bado tundu dogo.

RATIBA YA KUANDAA KINYWA

Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya safari. Tatizo la wengi si fedha, ni kalenda: viza inatoka Jumatatu, tiketi ni ya Ijumaa, na daktari anasema jino linahitaji wiki tatu.

1. Miezi sita kabla: kachunguzwe, hata kama hakuna linalouma. Ngara una hospitali ya Murgwanza, ya Nyamiaga na ya Rulenge. Biharamulo kuna hospitali teule ya wilaya. Mwambie tabibu wa meno wazi: "Nasafiri, nataka uniandikie kila jino lenye shida na lipi lianze." Hilo ni tofauti na kusema "jino hili linaniuma", kwa sababu atakutibu hilo hilo na kukuaga.

2. Wiki hiyohiyo: panga kazi zinazohitaji rufaa. Kung'oa na kuziba kwa kawaida hufanyika wilayani. Kutibu mzizi, kofia na meno ya bandia huenda vikakupeleka hospitali ya rufaa ya mkoa Bukoba, hospitali ya kanda Chato, au Bugando, Mwanza. Wa Biharamulo, Chato ni jirani. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, safari ya Mwanza haikungojeshi tena kivuko. Piga simu kwanza uulize kama mtaalamu yupo na vifaa vipo. Kufika Bugando na kuambiwa urudi wiki ijayo ni gharama ambayo simu ya dakika mbili ingeizuia.

3. Miezi mitano hadi mitatu kabla: ng'oa yasiyookoka, tibu mizizi. Kung'oa kunatangulia kwa sababu fizi na mfupa vinahitaji muda kutulia. Meno ya bandia yakitengenezwa mapema mno baada ya kung'oa, hulegea fizi inapopungua. Daktari akikwambia subiri miezi miwili au mitatu, si kwamba anakuzungusha.

4. Miezi miwili kabla: ziba yaliyobaki, safisha ugaga. Fizi zinazotoka damu ukipiga mswaki ni ugonjwa. Usizichukulie kama tabia yako.

5. Mwezi mmoja kabla: kusanya karatasi zako na usome mkataba wa bima. Orodha iko mbele.

6. Wiki ya mwisho: usianzishe kitu kipya. Jino lililochokonolewa Jumatano linaweza kukulipukia angani Ijumaa. Hewa ndani ya ndege hupungua mgandamizo, na jino lenye usaha au kijazo kilichoachia huweza kuuma vikali mkiwa juu. Kama umelazimika kung'oa, muulize daktari siku ngapi ukae kabla ya kupanda ndege.

Bima ya hapa iko wapi katika haya yote? Kama wewe ni mtumishi, au mwenza au mtegemezi wa mtumishi, una Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF): asilimia 3 kutoka kwenye mshahara na asilimia 3 ya mwajiri, kwa mwanachama, mwenza na wategemezi wanne. Itumie sasa. Kadi hiyo inafanya kazi kwenye vituo vilivyosajiliwa na Mfuko, na ajira ikikoma nayo inakoma. Kwa hiyo usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujamaliza meno. Kitita cha mafao kina mipaka yake, hasa kwa meno ya bandia, basi ulizia dirisha la NHIF hospitalini kabla ya kuketi kwenye kiti. Wenye Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, ule uliokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, wajue kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaleta utaratibu mpya. Mtendaji wa kata ndiye wa kumuuliza umefikia wapi kwenu. Na ikiwa unaondoka peke yako ukawaacha mke na watoto Rulenge au Nyakahura, bima yao isikatike kwa sababu wewe mlipaji umehama.

KISANDUKU: NAMBA YA JINO LAKO INABADILIKA UKIVUKA BAHARI

Madaktari wetu huandika jino kwa tarakimu mbili: ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni nafasi ya jino kuanzia katikati. Gego la kwanza la chini kushoto ni 36. Marekani huhesabu 1 hadi 32 kuzunguka kinywa, na gego hilohilo kwao ni 19.

Hatari iko hapa: jino namba 18 kwetu ni gego la mwisho la juu kulia. Kwa Mmarekani, 18 ni gego la pili la chini kushoto. Cheti kikisema "ng'oa 18" bila maelezo, kinaonyesha jino zima lisilo na kosa, upande wa pili wa kinywa.

Mwombe daktari aandike namba pamoja na maneno: juu au chini, kulia au kushoto, gego la ngapi.

UNAKWENDA WAPI?

Rwanda. Kwa mtu wa Ngara hii ni safari ya kuvuka daraja. Wilaya ya Kirehe iko ng'ambo ya Rusumo. Sheria ya huko ya 2015 inataka kila anayeishi nchini awe na bima ya afya. Mpango wa jamii, ambao kila mtu anauita mutuelle, unaendeshwa na RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii ya Rwanda, na mwaka wake huanza tarehe 1 Julai, sawa na mwaka wetu wa fedha. Ukihamia kwa kazi au ndoa, fuatilia kibali cha ukaazi na mutuelle kwa pamoja. Hospitalini mwenye mutuelle huchangia asilimia 10 ya bili, lakini uliza mapema huduma ipi ya meno imo na ipi haimo. Lugha haitakusumbua: anayezungumza Kihangaza ataeleweka akisema amenyo yanamuuma, Kigali na Bujumbura pia.

Kwa walio karibu hivi na mpaka nina ushauri usio wa kitaalamu sana: kwa kazi isiyo ya haraka, rudi nyumbani. Nauli ya kutoka Kirehe au Muyinga hadi Murgwanza haiwezi kulingana na bei ya kulipa taslimu kama mgeni mjini.

Uganda na Kenya. Uganda haina bima ya afya ya taifa; Bunge lilipitisha muswada mwaka 2021 lakini haukutiwa saini. Panga kulipa taslimu au kupata bima ya mwajiri. Kenya ilibadili mfumo tarehe 1 Oktoba 2024: SHA, mamlaka yao mpya ya bima ya afya, ilichukua nafasi ya NHIF yao, na mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Jina NHIF lisikuchanganye. Kadi ya Tanzania haikuwa na kazi kule wakati ule, wala sasa.

Ghuba. Hapa ndipo penye vijana wengi wa kike kutoka vijijini mwetu, na ndipo karatasi husomwa kidogo kuliko popote. Dubai, sheria inamtaka mwajiri amlipie mfanyakazi bima, lakini kifurushi cha msingi hakibebi matibabu ya kawaida ya meno, isipokuwa dharura. Maana yake: jino likivimba utaonwa, jino likitoboka utaambiwa ulipe. Kwa hiyo, kabla ya kusaini:

– Hakikisha wakala amesajiliwa na mkataba umepita TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira.
– Soma kifungu cha matibabu. Kama kimeandikwa "matibabu" tu, omba kiongezwe "pamoja na meno", au walau kiseme ni nani anayelipa jino likiuma.
– Uliza kama gharama ya matibabu inaweza kukatwa kwenye mshahara, na kwa kiwango gani.
– Piga picha kadi ya bima siku utakayopewa, mbele na nyuma, umtumie ndugu nyumbani. Kadi zikishikwa na mwajiri, picha itabaki kwako.

Ulaya. Viza ya muda mfupi ya Schengen hudai bima ya safari ya angalau euro 30,000. Watu huiona namba hiyo wakadhani wamefunikwa kila kitu. Bima za namna hiyo kwa kawaida hulipia kutuliza maumivu ya ghafla ya jino, siyo kulitengeneza. Ujerumani iko tofauti: bima ya kisheria hubeba kuziba na kung'oa, na kwa kofia au meno ya bandia hutoa ruzuku ya asilimia 60 ya gharama ya msingi. Ukichunguzwa kila mwaka bila kukosa na kijitabu chako kikagongwa mhuri, ruzuku hupanda hadi 70 baada ya miaka mitano, na 75 baada ya kumi. Omba kijitabu hicho mwaka wako wa kwanza.

Uingereza nimekwisha kutaja bei. Ongeza haya: ada hutozwa kwa mpango mzima wa matibabu, si kwa jino. Ukizibwa meno matatu katika mpango mmoja England, unalipa ada ya kuziba mara moja tu. Walio chini ya miaka 18, wajawazito, na mama hadi miezi 12 baada ya kujifungua hawalipi. Kupata daktari anayepokea wagonjwa wapya wa huduma ya taifa ni kazi, kwa hiyo anza kutafuta wiki ya kwanza, usingoje maumivu. Scotland uchunguzi ni bure kwa wote.

Marekani na Kanada. Ndugu zetu wa kambi za wakimbizi waliochukuliwa kwenda Marekani kuanzia mwaka 2007, Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972 na kuishi Ngara na Kigoma, walijifunza hili kwa tabu: Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, lazima ihudumie meno ya walio chini ya miaka 21, lakini kwa watu wazima kila jimbo lina uamuzi wake. Basi swali la kwanza kwa mpokezi wako ni jimbo gani. La pili, ulizia vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato, na shule za udaktari wa meno ambako wanafunzi hutibu kwa bei nafuu wakisimamiwa. Kanada, bima za majimbo kwa sehemu kubwa haziyagusi meno ya mtu mzima. Mpango wa taifa wa meno ni kwa mkaazi mwenye kipato cha familia chini ya dola 90,000, asiye na bima nyingine ya meno, na aliyewasilisha tamko la kodi. Hilo la mwisho ndilo huwakwamisha wageni. Peleka tamko la kodi mwaka wa kwanza hata kama hukupata kitu.

ONYO: DAWA NA VISU

Antibayotiki si tiba ya tundu. Hili nimelipitia mwenyewe. Nilikuwa na safari ya masomo, gego likavimba, nikanunua amoksilini duka la dawa, uvimbe ukashuka, nikajisifu. Wiki ya tatu nikiwa ugenini usaha ulirudi mara mbili ya mwanzo, na nililipa kwa jino moja zaidi ya karo ya muhula ya mdogo wangu. Dawa ilikuwa imefukuza moshi tu. Moto ulikuwa ndani ya jino bado.

Usibebe tramadoli wala dawa yenye kodeini kwenda Ghuba bila kibali. Falme za Kiarabu zinazihesabu kuwa dawa zilizodhibitiwa, na watu wamefungwa kwa vidonge vya mfukoni. Parasetamoli kwenye pakiti yake, yenye lebo, inatosha kwa safari.

Usilipe mtu wa kuchonga meno mtaani au kwenye gulio. Bei yake ni ndogo, lakini vifaa visivyochemshwa hubeba homa ya ini ya B na virusi vya UKIMWI, na ukipimwa tena Ghuba ukakutwa navyo, unaweza kurudishwa.

La mwisho linawahusu akina mama, na nalisema kwa heshima. Kanda yetu, kama Uganda, watu wamezoea kumchokonoa fizi mtoto mchanga mwenye homa au kuhara, wakisema ana meno ya nailoni. Kinachotolewa ni kichipukizi cha jino halisi ambalo halijaota, na mtoto hubaki na jeraha, wakati mwingine sumu ya damu. Hospitali haitambui ugonjwa huo. Ughaibuni daktari akiona kovu hilo anaweza kuita ustawi wa jamii, na maelezo yako huenda yasieleweke. Mama mkwe akipendekeza kwa simu, mjibu kwa adabu, kisha mpeleke mtoto kwa daktari akatibiwe kuhara.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kung'oa meno yote yenye matundu "ili nisisumbuke huko". Jino linalozibika likizibwa ni rahisi kuliko pengo. Pengo huyafanya meno jirani kuinama, na bima nyingi hazitalilipia.

Kununua bima ya safari ukidhani ni bima ya kuishi. Ya safari ina tarehe ya mwisho, mara nyingi siku 90, na imekusudia kukurudisha nyumbani.

Kumficha wakala wa bima. Fomu ikiuliza kama una jino bovu, sema kweli. Madai hukataliwa kwa uongo mdogo kuliko huo. Na ukinunua bima hapa nchini, hakikisha kampuni au wakala ana leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima.

Kudhani chuo kimemaliza. Chuo huandika "bima ya afya imo" kwenye barua ya udahili. Jibu barua hiyo kwa swali moja: je, meno yamo, kwa kiasi gani?

Kubadili chakula bila kubadili mswaki. Kijana aliyekulia viazi, ndizi na maharage Ngara akianza soda tatu kwa siku kwenye zamu ya usiku, meno mazima aliyoondoka nayo yanaweza yasidumu. Dawa ya meno iwe na floraidi, mara mbili kwa siku, na ukimaliza tema bila kusukutua kwa maji mengi.

ORODHA YA BEGI LA MKONONI

☐ Barua ya daktari kwa Kiingereza: meno yaliyozibwa, yaliyong'olewa, yaliyotibiwa mzizi, na tarehe
☐ Picha za mionzi. Kama ni filamu, iweke dirishani mwanga ukipita, uipige kwa simu
☐ Mzio wako wa dawa au ganzi, na magonjwa kama kisukari au presha, kwa maandishi
☐ Risiti za matibabu, kwa ajili ya kuthibitisha lini kazi ilifanyika
☐ Mkataba wa bima, ukiwa umepigia mstari yale maneno manne
☐ Namba ya dharura ya bima, kwenye simu na kwenye karatasi
☐ Meno ya bandia, kama unayo, kwenye kikopo chake, kamwe yasiwe kwenye begi la chini ya ndege
☐ Akiba ya dharura ya meno, isiyoguswa kwa kodi ya nyumba

JINO LIKIUMA UKIWA HUKO

1. Piga namba ya bima kabla ya kwenda popote, kama maumivu yanavumilika. Baadhi ya bima hukataa kulipa ukitibiwa bila idhini, au nje ya vituo vyao.

2. Uliza bei kwa maandishi kabla ya kiti kulazwa. Una haki ya kusema: nitulize maumivu leo, mengine nitafikiri.

3. Usiweke tumbaku, betri ya redio wala spiriti kwenye jino. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, meza parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa.

4. Nenda hospitali usiku huohuo, si kwa daktari wa meno kesho, ukiona lolote kati ya haya: uvimbe unashuka shingoni au unapanda jichoni, kinywa hakifunguki, unashindwa kumeza mate, unapumua kwa shida, au una homa na kutetemeka. Usaha wa jino huua. Rwanda gari la wagonjwa ni 912, nchi za Umoja wa Ulaya 112, Uingereza 999 (na 111 kwa jino lisilohatarisha maisha), Marekani na Kanada 911, Oman 9999, Falme za Kiarabu 998.

5. Jino zima la mtu mzima au mtoto mkubwa likidondoka kwa ajali, lishike sehemu ya kutafunia, usishike mzizi wala usiusugue. Lirudishe kwenye tundu lake kama unaweza. Kama huwezi, litumbukize kwenye maziwa na uwe kwa daktari ndani ya saa moja. Jino la utoto usilirudishe.